Komeo la Kulia

Stoo ya silaha hapa Liwale
zamani ilikuwa ghala la ufuta;
ukipiga chafya, punje zinakudondokea kutoka darini.
Mbonde amezilaza tatu juu ya gunia
kama muuza samaki anayejua mmoja umeoza.
"Chagua, Somoe. Sahihi kabla ya adhuhuri.
Nyati wa Mpigamiti hana likizo."

Ya kwanza mpya, nyeusi, kitako cha plastiki,
darubini nene kama chupa ya chai.
Mita mia sita, anasema Mbonde,
unahesabu kope za mnyama
naye anacheua tu, hajui kama ulizaliwa.
Nikaitia jichoni.
Nikaona dirisha la msikiti, ng'ambo ya soko,
nikaona nzi juu ya dirisha,
nikaona nzi anavyonawa mikono.
Nikaishusha upesi
kama mtu aliyechungulia bafu la jirani.

Ya pili risasi yake ni kidole gumba.
Mbonde akafungua shati, akanionyesha bega:
"Hii humwangusha tembo. Na aliyeipiga pia."
Risasi zenyewe zimebaki nne,
mbili zimeota kijani.

Lakini zote, mpya na kuukuu,
komeo liko kulia.
Mimi ni wa mashoto.
Madrasa walinifunga mkono huu kwa ncha ya kanga,
mama akaumalizia kwa mwiko,
na bado ukarudi, mkaidi, kama mbuzi wa Nachingwea.
Ili nipakie ya pili
sharti niuvushe mkono juu ya bunduki nzima,
kama mtu anayeua mbu kwenye shavu la mwenzake.
Kwa hiyo ya pili kwangu huchelewa.
Kwa hiyo nilijifunza kuipenda ya kwanza,
kuipigia mbali,
mbali kabisa, mahali ambapo kuchelewa hakuniumizi mimi.

Kiangazi kilichopita, ng'ambo ya Matandu:
mita mia nne na hamsini.
Nilikuwa na jedwali, nilikuwa na kalamu.
Upepo wa mbugani haukusoma jedwali.
Risasi ikatua pajani, nyuma, kulia.
Siku mbili tulifuata damu,
kwanza nyekundu, kisha rangi ya ganda la korosho,
kisha majani tu.
Usiku wa pili tukatafuna ming'oko mibichi bila moto
na kwenye matete kitu kikakohoa,
kikakohoa kama binadamu.
Asubuhi hakuwepo.

Nyati wa Mpigamiti, wanasema, anachechemea.
Bi Sharifa Ngwale alikuwa amechutama, anachimba ming'oko.
Nimeuliza mguu gani.
Nimeuliza mara moja tu.

Mbonde hakusema lolote. Yeye hutunza daftari.
Mwaka jana, mstari wa kumi na moja, jina langu:
*risasi moja, imetumika.*

Ya tatu ni ya Kicheki, mtutu umechubuka,
haina darubini, ina tundu mbili za skrubu ilipokuwa.
Kitako kilipasuka mwaka wa mafuriko,
fundi Nangonga akakichonga upya kwa mninga,
akakosea:
upande wa kushoto aliuacha umenona.
"Kila mtu anailalamikia," Mbonde anasema, "inasukuma taya."
Nikailaza shavuni.
Kosa la Nangonga likanikaa
kama mto aliokwisha kuulalia mtu wa kimo changu.
Nikavusha mkono, nikavuta komeo:
likalia kama mlango wa jikoni kwa mama,
ule unaofungwa na mtu mwenye hasira
asiyetaka kuamsha watoto.
Tena. Tena. Mara ishirini, mpaka kifundo kikavimba.

"Hiyo mwisho wake mita themanini," akasema.
"Ukizidi hapo unatishia ndege."

Najua.
Zilizobaki nitazitembea.

Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto.
Kiganja kikapita juu ya wino mbichi,
kikafuta nusu ya jina.